Mpe Shangazi Dakika Tano

Barua iliingia saa nne asubuhi, Kimya akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya muuza maua, mkono mmoja umezama kwenye vumbi hadi kiwikoni. Simu ililia juu ya benchi la kazi. Hakuinuka. Shangazi yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akitenga skrubu ndefu na fupi katika vikopo, ndiye aliyeichukua. Akaisogeza mbali na uso kama wafanyavyo wote waliosahau miwani nyumbani, akaanza kusoma kwa sauti.

"Ofisi ya Kozi. Kuhusu: Udanganyifu katika Mtihani wa Pili." Akakatiza. "Wewe, umemdanganya nani?"

"Endelea tu, Shangazi."

"Imebainika kuwa wanafunzi arobaini na mmoja wameandika jibu lenye maneno yaleyale, nayo ni…" Simu ikasogezwa mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. "Shangazi apewe dakika tano." Mkono ukashuka. "Shangazi gani huyo?"

Kimya alitoa mkono nyuma ya friji, akaufuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Arobaini na mmoja?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika. Nimekuuliza, shangazi gani?"

"Wewe."

Hilo lilihitaji maelezo, na kwa mwanamke aliyelea watoto wawili wa kaka yake bila kumvumilia mtu utovu wa adabu, lilihitaji maelezo ya haraka. Marehemu kaka yake Kimya, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakupenda kusema kompresa. Alisema neno hilo halina sura. Kile chombo cheusi cha mviringo kinachokaa chini nyuma ya friji yeye alikiita shangazi, kwa sababu, alisema, kinanguruma kutwa nzima bila kuchoka, kazi yote ya nyumba inakitegemea, na siku kikinyamaza ujue kuna balaa.

"Kwa hiyo mimi nanguruma," alisema Shangazi.

"Unaimba puani. Alimaanisha hivyo."

"Alimaanisha nanguruma. Namjua yule." Akarudi kwenye skrubu zake, lakini Kimya aliona amezichanganya ndefu na fupi katika kopo moja, naye hakuwa mtu wa kuchanganya.

Fundi alitengeneza friji miaka kumi na minane bila cheti. Kozi ya ufundi wa friji ilipoanzishwa mtandaoni, alijiandikisha siku ya kwanza, akamwandikisha na dada yake Kimya bila kumwuliza. Walikuwa wanafunzi elfu kumi na moja. Masomo yalikuja kwa video, na kwa kuwa hakuna mwalimu awezaye kusikiliza watu elfu kumi na moja, ofisi ilifungua Jukwaa la Majadiliano. Kila mwanafunzi alitakiwa kuweka michango miwili kwa wiki, kila mmoja usiopungua maneno ishirini. Mashine ilihesabu maneno na kugawa nyota za kijani. Basi watu wakaandika: Asante sana ndugu kwa mchango wako mzuri wenye kuelimisha, nami nakubaliana nawe kabisa katika hoja zako zote ulizozitoa hapo juu. Yakitimia ishirini, nyota, wakaenda zao. Siku moja Fundi aliandika pale: Sijaelewa. Mashine ikaufuta ujumbe wake na kumwambia: Tafadhali toa mchango wenye maana.

Alicheka siku mbili. Ya tatu akafungua kundi kwenye simu yake, akaliita Sijaelewa, na kanuni zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, hakuna ruhusa ya kusema sielewi. "Sielewi ni mlango uliokomewa," alisema katika sauti ya kwanza aliyotuma. "Sijaelewa ni mlango ulioegeshwa. Mtu anaweza kuusukuma." Kila aliyeingia kundini alipokelewa kwa swali moja, karibu, hujaelewa nini. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba aliyeelewa mwisho ndiye anayeeleza kwanza, maana yeye bado anakumbuka mahali alipojikwaa. Mjuzi alitakiwa afunge mdomo mpaka aombwe. Kwa hiyo jambo moja lilielezwa mara saba, mara kumi, na muuza duka, na dereva, na mama anyonyeshaye huku mtoto akilia nyuma, kila mmoja kwa maneno yake, ila shangazi alibaki shangazi kwa wote.

Kimya hakuwahi kutuma sauti hata moja. Jina lake mwenyewe lilitosha kueleza. Kaka yake ndiye aliyempa wakiwa wadogo. Alisikiliza, akashika bisibisi, akafanya.

Wiki ya kumi na moja Fundi alilazwa. Alituma sauti kutoka kitandani, na nyuma yake ulisikia vitoroli na viatu vya wauguzi. Ya mwisho ilikuwa ya sekunde kumi na tisa. "Umeme ukikatika ukarudi, msiwe na pupa. Msimwashe papo hapo. Shangazi mpeni…" Kisha kikohozi, kisha sauti ya mwanamke ikisema weka simu chini baba, basi. Kimya alikuwa pale, upande wa miguuni, akikunja blanketi. Hakulifungua tena kundi kwa wiki nzima, na alipolifungua aliruka siku zile zote kwa kidole kama mtu avukaye dimbwi.

Simu ya marehemu, ile yenye ufa pembeni, ilikaa rafuni karibu na koti lake la kahawia. Kimya aliichaji kila asubuhi. Kundi lilikuwa humo, na sauti mia mbili na kumi na nne.

"Soma mwisho wake," alimwambia Shangazi sasa.

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Kila mmoja wa wale arobaini na mmoja atie sahihi kukiri kwamba alinakili, apewe nafasi ya kurudia mtihani. Kundi la simu liitwalo Sijaelewa lifutwe pamoja na kumbukumbu zake zote za sauti, na uthibitisho uletwe ofisini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kundi lisipofutwa, au hata mmoja asipotia sahihi, mitihani yote arobaini na mmoja itabatilishwa, na majina yatatolewa kwenye kozi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kimya alichukua simu yenye ufa, akaketi juu ya kreti, akarudi nyuma kwenye kundi hadi siku alizoziruka. Sauti ya sekunde kumi na tisa ilikuwa pale. Chini yake mtu alikuwa ameandika: dakika tano. Fundi alikuwa amelitaja jibu hilo wiki ya kwanza, haraka, na wachache tu walilishika; sasa huyu mmoja alilitoa alikolihifadhi na kuliweka pale lilipokatikia. Chini yake mwingine: dakika tano. Mwingine: mpeni dakika tano. Ukurasa ulishuka na kushuka. Kisha habari ya msiba, kisha pole, kisha mtu mmoja, baada ya pole zote, tena: dakika tano.

Katika mtihani wake Kimya aliandika maneno hayohayo. Umeme umekatika na kurudi, eleza utakachofanya. Alidhani anaandika peke yake.

"Unalia?" aliuliza Shangazi bila kugeuka.

"Vumbi la friji."

"Hiyo friji ya maua ina vumbi kweli," alisema Shangazi, akaanza kuimba puani.

Mchana kundi lilikuwa linafukuta. Barua ilikuwa imewafikia wote. Dereva wa lori alisema yeye hatii sahihi uongo, amelelewa. Mama anyonyeshaye alisema ni rahisi kwa dereva kusema hivyo, ana lori. Yeye bila cheti hana pa kushika. Mwingine akashauri wafute kundi hili wafungue jingine, walipe jina la heshima, Wapenzi wa Elimu. Wakamcheka. Muuza duka mmoja, ambaye tangu aingie hakuwahi kuandika neno zaidi ya nipo, na ambaye kwa hiyo aliitwa Nipo, aliandika: Nipo.

"Tunajua upo," dereva alijibu. "Swali, uko upande gani?"

Nipo akatuma tena: Nipo.

Kimya alibonyeza kitufe cha sauti kwa mara ya kwanza maishani mwa kundi. Alikiachia. Akakibonyeza tena.

"Mimi ni dada yake Fundi," alisema. "Mnanijua kwa kutonisikia. Simu yake, inayosimamia kundi, iko kwangu. Kundi sitalifuta. Kundi likibaki, tunaanguka wote, hilo najua, kwa hiyo sitaki kuamua peke yangu. Ila karatasi ile inataka tukiri tumeiba. Sisi hatukuiba jibu, tuliachiwa msibani. Nipeni siku tatu niwaulize maswali wale watu. Alhamisi jioni, anayetaka kutia sahihi atie, na mkiwa wengi nitalifuta mwenyewe. Sitamwona msaliti yeyote."

Mama anyonyeshaye akajibu kwanza, kwa sauti, mtoto akigugumia nyuma: "Kumbe unaongea."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Shangazi kutoka mlangoni; hakuwa mwanakundi, ila alisikia kila kitu.

Kimya alifungua Jukwaa la Majadiliano. Barua ya ofisi ilikuwa imebandikwa juu kabisa, wote elfu kumi na moja waione. Chini yake palikuwa na nafasi ya swali. Aliandika: Sijaelewa. Mashine ikaifuta: Tafadhali toa mchango wenye maana.

Akatazama ukuta kidogo. Kisha akaandika: Sijaelewa sijaelewa sijaelewa sijaelewa, akihesabu kwa vidole vyenye vumbi, mpaka maneno yakatimia ishirini. Akatuma.

Nyota ya kijani ikatokea. Hongera! Mchango wako una maana.

Shangazi alipoonyeshwa alicheka hadi kopo la skrubu likamwagika.

Jukwaa lile lilikuwa na desturi yake pia. Kila swali ambalo ofisi haijalijibu lilibaki na alama nyekundu, na idadi ya alama hizo ilionyeshwa mbele, kwenye ukurasa wa kwanza, ambako wafadhili wa kozi hupita kutazama. Asubuhi ile ilisomeka: Maswali yasiyojibiwa, 2. Hadi saa kumi jioni ilisomeka 38. Dereva alikuwa ameandika yake ishirini akiwa amesimama kwenye foleni ya mafuta. Nipo aliandika ishirini pia, jambo lililoshangaza kuliko barua yenyewe. Jumanne wakaanza watu wasio wa kundi, wasiojua shangazi wala dakika, waliosoma tu neno lile wakaona ni lao: sijaelewa somo la nne, sijaelewa kwa nini video haina sauti, sijaelewa mbona tangu kozi ianze hakuna aliyenijibu. Jumatano jioni namba ilikuwa 609, ukurasa wote mwekundu kama nyanya.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya Kimya ililia.

"Naongea na dada yake Fundi? Mimi ni Mratibu wa majadiliano. Dada, naomba uwaambie watu wako waache."

"Si watu wangu. Ni wanafunzi wako."

Mratibu alivuta pumzi. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala vizuri. "Nisikilize. Nina watu elfu kumi na moja na wasaidizi wanne. Mwaka jana kulikuwa na makundi ya simu yaliyouza majibu, watu wakapata vyeti, mmoja akaunguza nyumba ya mteja. Nikiona karatasi arobaini na moja zenye sentensi moja ya ajabu, wewe ungefikiri nini?"

"Ningeuliza."

"Nimeuliza sasa. Shangazi ni nini?"

Kimya alimwambia. Hakumwambia kila kitu. Alimwambia ya kompresa. Kisha akasema, "Ingia kundini mwenyewe usikilize. Halafu chagua mmoja wetu, yeyote umtakaye, usinichague mimi, wala asikuchagulie mtu mwingine. Mwulize jibu lile lina maana gani. Akishindwa, nafuta kundi kwa mkono wangu, wewe ukitazama, na sote tunatia sahihi."

Aliwauliza wenzake baada ya kuahidi, jambo ambalo si uungwana, akalikiri. Walimtukana kidogo, kisha wakakubali mmoja mmoja. Mama anyonyeshaye alikuwa wa mwisho. "Basi, achague. Ila asinichague mimi, mtoto anaota meno."

Mratibu aliingia saa saba mchana. Aliandika: Mimi ni Mratibu wa Kozi.

Dereva akajibu: Karibu. Hujaelewa nini?

Alama ndogo zilionyesha anasikiliza sauti, moja baada ya nyingine, toka ya kwanza. Saa kumi na moja jioni aliandika: Nimemchagua. Kesho saa tano asubuhi, kwa video. Nipo.

Kimya aliweka simu chini. Kati ya arobaini na mmoja, alikuwa amechagua mtu ambaye kwa miezi mitano alisema neno moja mara mia tatu. Hakuwa mjinga, Mratibu yule. Kama kuna aliyenakili, ni huyo.

"Kwani huyo Nipo anajua nini?" aliuliza Shangazi.

"Sijui. Hakuna ajuaye."

Ijumaa saa tano kamili walikuwa wote kwenye video, kila mmoja katika kidirisha chake kidogo. Kimya aliisimamisha simu yenye ufa juu ya benchi, tayari, kidole karibu na kitufe cha kufuta. Nipo alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, nyuma yake rafu za sabuni na friji ya soda. Jasho lilimtoka.

"Umeme umekatika na kurudi," Mratibu alisoma kwenye karatasi. "Uliandika, shangazi apewe dakika tano. Eleza."

Nipo alifuta jasho kwa leso.

"Shangazi ni kompresa," alianza, polepole. "Anasukuma gesi. Akiwa kazini, mbele yake gesi imebanana, nyuma yake iko legevu. Umeme ukikatika, anasimama, lakini gesi bado imebanana kule mbele. Ukimwasha papo hapo ni kama kumwambia mtu asukume mlango na upande wa pili wameuegemea watu kumi. Hatazunguka. Atavuta umeme mwingi, atachemka, mwishowe ataungua. Ukimpa dakika tano, gesi inapita ile njia nyembamba kidogo kidogo mpaka pande mbili zinalingana. Ndipo anaanza mwepesi."

Mratibu alitazama karatasi yake. "Kwa nini tano? Kwa nini si mbili, au kumi?"

Nipo akageuka kuitazama friji yake ya soda kama mtu atafutaye msaada kwa jirani.

"Hapo sijaelewa," alisema.

Kimya alifumba macho.

"Fundi alisema tano," Nipo aliendelea. "Mimi nilijaribu kwenye hii yangu. Dakika moja alipiga tik, akagoma, nikamzima haraka. Tatu alikubali. Nadhani ni kwa kuwa huyu ni mdogo, na wakubwa wanataka zaidi, kwa hiyo Fundi alichukua tano ili asimuunguzie mtu yeyote friji. Lakini nadhani tu. Hesabu yake sijaielewa. Mwalimu, wewe umeelewa?"

Mratibu aligeuza karatasi. "Hapa pameandikwa dakika tatu hadi tano," alisema. "Sababu ya namba hiyo haikuandikwa."

"Basi na wewe hujaelewa," alisema Nipo, bila dharau yoyote, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye benchi.

Mtu mmoja alicheka, akajiziba. Mratibu alikunja karatasi mara mbili, akasema watapata jibu kwa barua, video ikakatika. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Kimya aliondoa kidole juu ya simu ya kaka yake, akairudisha kwenye chaji.

Barua ilikuja Jumatatu iliyofuata, na safari hii Shangazi alikuwa na miwani. Mitihani arobaini na mmoja imekubaliwa. Hakuna wa kutia sahihi chochote. "Hata hivyo," alisoma, na neno hilo alilitamka kama mtu aliyekuta jiwe kwenye mchele, "agizo la kufuta makundi yasiyo rasmi pamoja na kumbukumbu zake linabaki palepale, na majadiliano yote yafanyike Jukwaani. Tafadhali thibitisha kwamba umeelewa."

Kimya alifungua kundi. Jina la Mratibu lilikuwa bado humo, hakutoka. Alama ndogo zilionyesha asubuhi ile alisikiliza sauti ya mia na kumi.

Alirudi kwenye barua, akabonyeza pa kujibu. Barua za ofisi hazikuhesabu maneno. Aliandika moja, akaweka nukta, akatuma: Sijaelewa.

Friji ya muuza maua ilikuwa imekwisha, inasubiri kujaribiwa. Aliichomeka, ikaanza kunguruma, na hapohapo umeme wa mtaa mzima ukakatika. Kimya akaizima friji kwenye swichi. Muuza maua, aliyekuwa amekuja kuichukua, alisonya. Muda si muda taa ikawaka tena, naye akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha," alisema Kimya, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Kwani umeme si umerudi?"

"Shangazi bado."

Muuza maua alimgeukia yule mama aliyeketi mlangoni na vikopo vyake vya skrubu, asijue aombe radhi kwa kosa gani. Shangazi alitazama saa ya ukutani.

"Tano," alimwambia. "Kaa chini, mwanangu." Akaanza kuimba puani.